Mamba wa Baringo hawana kizimba

Anayetoka Nakuru kwenda Baringo huvuka mstari wa Ikweta karibu na Mogotio, na tangu hapo joto humpokea kama mwenyeji. Barabara inateremka, mashamba ya mahindi yanabaki nyuma, miti ya miiba inatawala, na kando ya njia watu wanauza asali ndani ya chupa. Ukishapita Marigat, bado kama kilomita 20 tu kufika Kampi ya Samaki, kwenye ukingo wa ziwa.

Mwandishi wa makala haya alikwenda huko kutazama mamba. Wenzetu wa Florida, nchini Marekani, wana michezo yao. Mtalii hupakiwa katika mashua bapa yenye feni kubwa nyuma, mfano wa panga la ndege, ikapita mbio juu ya nyasi za kinamasi. Kisha huketishwa kutazama mtu akipigana mieleka na aligeta, ambaye ni jamaa ya mamba. Waseminole, wenyeji wa asili wa huko, wameufanya mchezo huo mbele ya wageni tangu mwanzo wa karne ya 20. Hapa kwetu aligeta hayuko. Tuliye naye ni mamba wa Nile, na kule Mombasa wapo waliofugwa vidimbwini, nyuma ya kuta, wakalishwa nyama kwa saa maalumu watu wakishangilia.

Baringo hakuna kuta wala saa maalumu.

Nahodha wangu alikuwa kijana wa Kiilchamus, jamii ambayo wengi walizoea kuiita Wanjemps. Ni wafugaji, lakini pia ni wavuvi hodari tangu enzi za mababu, na mpaka leo huenda ukamwona mzee ameketi katika kichombo kilichofungwa kwa miti myepesi kama kizibo, miguu imelowa, akipiga maji kwa vibao viwili mikononi. Chetu kilikuwa na injini, namshukuru Mungu.

Mchezo wa kwanza ulikuwa wa furukombe, yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe. Kijana alichukua samaki mdogo, akamtia kipande cha funjo mdomoni ili asizame, akapiga mluzi na kumtupa majini. Mbali, juu ya mti uliokauka, ndege alijinyoosha. Alikuja chini chini, akanyoosha makucha, na kabla sijafumba kinywa samaki alikuwa amekwisha kwenda. Nikauliza kama ndege huyo amefunzwa. Kijana akacheka, “Mzee, ni yeye aliyetufunza sisi. Siku akikataa kuja, wageni wananuna.”

Mamba tuliwakuta baadaye, wametulia juu ya mawe ya kisiwa, vinywa wazi kupunguza joto. Mamba wa ziwa hili husifiwa kuwa wadogo na wapole, wenye kupendelea samaki. Sifa hizo nilizisikia kwa sikio moja. Nahodha mwenyewe aliwaogopa zaidi viboko, akawazunguka kwa mbali sana kila walipotoa masikio. Lakini nitamtetea mamba kwa jambo moja: mama hulinda mayai yake kwa miezi kama mitatu, na watoto wakianguliwa huwabeba kwa taya zile zile tunazoziogopa hadi majini.

Wakati wa kurudi injini ilipunguzwa mwendo. Niliona vichwa vya miti mikavu, kisha ukingo wa paa. Tulikuwa tunapita juu ya makazi ya watu.

Tangu mwaka 2010 hivi maziwa ya Bonde la Ufa yamekuwa yakipanda, na mwaka 2020 hali ikawa mbaya kupita kiasi. Ziwa Nakuru, lililokuwa na eneo la kilomita za mraba 40 hivi, lilipita 60, likameza lango kuu la mbuga yake, na heroe wengi wakahamia kwingine. Huku Baringo yalizama maboma, shule, malisho, hoteli na sehemu za barabara. Wataalamu wanataja hasa mvua nyingi katika milima inayolisha mito ya Molo na Perkerra, pamoja na udongo unaomomonyoka kutoka mashamba yaliyokatwa miti na kujaza ziwa. Nalo ziwa halina mto hata mmoja wa kutolea maji juu ya ardhi. Hupenyeza chini kwa chini kupitia nyufa za miamba.

Hata wanyama walihamishwa. Ng'ambo ya ziwa, Wailchamus na Wapokoti walioteta kwa miaka waliungana wakaanzisha hifadhi ya Ruko, na mwaka 2011 wakaletewa twiga. Maji yalipopanda, rasi waliyokaa ikawa kisiwa. Basi ikaundwa chelezo ya chuma yenye mapipa ya hewa chini yake, na kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 twiga 9 wakavushwa hadi nchi kavu, shingo juu, picha zao zikazunguka dunia nzima.

Nilimuuliza kijana kwao ni wapi. Alionyesha maji kwa kidevu. “Tumekwisha pita, mzee. Pale penye mti wenye kiota.” Boma la baba yake lilikuwa hapo. Sasa huwapitisha wageni juu yake, na siku ya wageni wengi hupata unga wa nyumbani. Sikupata la kusema, nikauliza bei ya samaki.

Tulipofika ufukoni akina mama walikuwa wamekuja kuteka maji. Ufuko wenyewe ulikuwa malisho zamani. Nguzo za seng'enge zingali zinachungulia majini. Mama mmoja alisimama mbali kidogo, akayachapa maji kwa fimbo ndefu mara tatu, akangoja, akatazama kushoto na kulia, ndipo akainama na mtungi wake wa plastiki. Msichana wa miaka kama 8 alishika fimbo hiyo zamu iliyofuata.

Watalii wawili waliokuwa wakingoja mashua yetu waliuliza kama leo mamba wanaonekana. Kijana akawaambia wapande tu, wanaonekana.