Deadpool na ukuta ambao havunji

Bakamaradi, wengi munanijua kama mtu wa mihogo na udongo, lakini leo tuzungumze filamu. Kwa nini tunamupenda Deadpool hivi? Kupigana, hata Wolverine anapigana. Kupona pia: unamukata mkono, unaota tena kama kipande cha muhogo kwenye udongo.

Kile kinatuvuta ni ukuta wa nne. Jukwaa la tiatre liko na kuta tatu. Wa nne hauonekani, uko kati ya muchezaji na watazamaji. Diderot aliwaambia wachezaji mwaka 1758 wacheze kama vile kuna ukuta pale mbele. Deadpool yeye anageuka, anatuangalia sisi. Anajua kama iko ndani ya filamu. Mwaka 1991, Fabian Nicieza na Rob Liefeld walipomuleta, alikuwa muuaji wa kukodiwa mwenye mudomo mingi tu; ile tabia ya kusema na sisi watazamaji alipewa na waandishi waliofuata.

Katika filamu ya 2016 anafika kwenye nyumba kubwa ya X-Men, anakuta wawili tu, anashangaa: kumbe studio ilikosa feza za kulipa wengine? Filamu ile ilitoka na dola milioni 58 hivi, kidogo sana kwa Hollywood, ikaingiza zaidi ya milioni 780. Shujaa mwenye kukubali mbele ya watu kama bajeti haitoshi! Sisi tulioandika memwari kwenye mashini ya kukopa tunamuelewa mara moja.

Lakini nilipoiangalia mara ya pili niliona kitu kingine. Wade Wilson iko na kansa. Sisi, watu asiotujua, anatuambia yote. Vanessa, mwanamuke anayemupenda, anamuacha usiku bila kuaga. Na akisha kupona, uso umeharibika, anamufuata kwa mbali barabarani, hathubutu kujionyesha. Juu sisi watazamaji hatuwezi kumukataa. Vanessa anaweza.

Hapo nilinyamaza. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza lisansi, sina kazi, na kwenye WhatsApp yetu mimi ndiye nilikuwa mchekeshaji wa bashomeri. Kila maombi yaliyokataliwa niliyafanya hadithi, na mulicheka sana (asanteni). Baba, mwenye aliuzisha mbuzi juu ya minervali yangu, akipiga simu namwambia: «Baba, bado wanasoma dosiye.» Hakuna mtu aliyekuwa anasoma dosiye.

Kwa hiyo wenye kusema Deadpool ni upuuzi wa watoto, sikubaliane nao. Kwanza si filamu ya watoto hata kidogo, wadogo zenu wasiione. Na angalieni mwisho: chini ya ile maski nyekundu kuna picha ya uso wa Hugh Jackman. Muzaha mumoja tena mbele ya uso wenyewe. Kisha picha inatoka, na Vanessa anamuangalia.

Nilimupigia Baba siku ya posho. Nilianza na muzaha, hakucheka. Nikamwambia yote. Akakaa kimya, halafu akauliza kama nimekula.