Chongqing, Mji wa Ngazi

Leo tutasafiri kwa masikio mpaka nchi ya Uchina, tuutembelee mji uitwao Chongqing. Ninyi mliokwisha kujifunza kusoma ramani, tahadharini: mji huu humpoteza hata mwenye ramani mkononi.

Chongqing uko upande wa kusini-magharibi wa Uchina, mbali na bahari, mahali ambapo mto Jialing waingia katika mto mkubwa wa Yangtze. Kati ya mito hiyo miwili iko rasi nyembamba yenye vilima, iitwayo Yuzhong, na juu yake ndipo ulipoanzia mji wa zamani. Tangu mwaka 1997 Chongqing ni mkoa mzima ulio chini ya serikali kuu, wenye watu kiasi cha milioni 32. Mgeni asiiogope hesabu hiyo, kwa maana imejumlisha na vijiji vya mbali. Mengi anayotaka kuyaona yako kwenye rasi na ng'ambo ya mito.

Sasa sikilizeni shida yenyewe. Ramani ni karatasi, na karatasi ni bapa. Mimi nilipofika huko mara ya kwanza niliona katika ramani kwamba duka nililolitaka liko karibu, kama hatua mia moja. Nikaenda hatua zangu mia, nikafika. Kumbe duka lilikuwa chini ya miguu yangu, katika barabara nyingine, chini ya ukuta mrefu wa mawe! Nilishuka ngazi mpaka magoti yakatetemeka. Tangu siku ile nikajua kwamba ukimwuliza mwenyeji, "Ni wapi?" lazima uulize tena, "Ni juu au ni chini?"

Chukueni mfano wa nyumba za Baixiangju, zilizo karibu na mto Yangtze. Zina ghorofa 24, wala hazina lifti hata moja. Lakini wakazi wake hawapandi ghorofa zote hizo, kwa sababu nyumba zimeuegemea mlima. Mlango mmoja uko chini kabisa, wa pili uko ghorofa ya 10, na wa tatu ghorofa ya 15, na kila mlango watokea kwenye njia yake. Mtu atokaye barabara ya juu huingia ghorofa ya 15 kana kwamba aingia chini.

Hapo angalieni namba vizuri. Ile ambayo sisi huiita "chini", Wachina huiandika 1; na ile tuiitayo ghorofa ya kwanza, wao huiandika 2. Asiyelijua jambo hili hugonga mlango wa watu wengine.

Treni nazo zimefuata tabia ya vilima. Mahali paitwapo Liziba, treni ya reli moja yaingia katika jengo refu na kutokea upande wa pili. Stesheni yake iko ghorofa ya 6 mpaka ya 8, na juu yake watu wanakaa. Jengo halikutobolewa, kama wasemavyo wengine. Vyote viwili vilijengwa pamoja. Kwingineko, stesheni ya Hongyancun imechimbwa chini ya ardhi kiasi cha mita 116. Basi mwenye haraka ahesabu pia muda wa kutoka shimoni.

Lakini nataka tukae kidogo na watu waliobeba mji huu mabegani. Katika ngazi za mawe gari halipiti. Kila gunia la mchele, kabati na kikapu cha mboga kilipandishwa na hamali. Wenyeji humwita *bangbang*, kwa ajili ya fimbo yake ya mwanzi. Huiweka begani, mzigo huku na mzigo huku, kama mzegazega wetu. Katika miaka ya 1980 na 1990 wakulima wengi waliacha mashamba, wakaja mjini na fimbo moja na kamba mbili tu, wapate karo ya watoto wao.

Kisha zikaja mashine. Lifti ya barabara ya Kaixuan ilifunguliwa mwaka 1986. Mwaka 1987 likaja gari la kamba, livukalo juu ya mto Yangtze, mwendo wa mita 1,166. Mwaka 1996 ikaja ngazi ya umeme iitwayo Huangguan, urefu wake mita 112, nayo hushuka kutoka Lianglukou hadi karibu na stesheni ya treni ya Caiyuanba. Ngazi ile ile iliyompumzisha mama mwenye mtoto mgongoni ndiyo iliyompunguzia hamali riziki. Leo mahamali wamebaki wachache, na wengi wao ni wazee. Ukimpata mmoja, na sanduku lako ni zito, mpatane bei kabla hajaliinua. Nawe umfuate polepole, usimhimize.

Kuhusu majira, epukeni Julai na Agosti. Mwezi wa Agosti 2022, huko Beibei, joto lilifika digrii 45. Tena ndiyo miezi ya mto kujaa: Agosti 2020 maji yaliingia katika mtaa wa kale wa Ciqikou, madukani. Siku za joto kali watu hupumzika katika mapango yaliyochimbwa zamani za vita, ndege za Wajapani zilipoupiga mji kwa mabomu tangu 1938 mpaka 1943. Ukiketi humo kwa raha ya ubaridi, ujue kwamba tarehe 5 Juni 1941 watu wengi mno walikufa katika pango moja la mji huu, kwa kukosa hewa na kukanyagana.

Chakula chao mashuhuri ni chungu cha mchuzi uchemkao mezani, mwekundu kwa pilipili, ambamo kila mtu huchovya nyama na matumbo ya ng'ombe. Kuna na punje ndogo zitiazo ulimi ganzi. Mgeni aseme *wei la*, yaani pilipili kidogo. Hata hivyo aweke maji karibu!

Zoezi: Chora nyumba ya ghorofa 24 iliyouegemea mlima. Weka milango yake mitatu, uandike namba za ghorofa jinsi Wachina waziandikavyo. Kisha mweleze jirani yako njia ya kufika ghorofa ya 12 kwa kupanda ngazi chache iwezekanavyo.