Tiba ya sanaa: Huhitaji kujua kuchora ili ikusaidie

"Mimi sijui kuchora." Hilo ndilo jibu la watu wengi wakiambiwa kwamba penseli na rangi vinaweza kusaidia afya ya akili. Kwenye tiba ya sanaa, kujua kuchora si sharti.

Jina hilo lilianzia hospitalini. Mwaka 1938 mchoraji wa Uingereza, Adrian Hill, alilazwa akiugua kifua kikuu. Enzi hizo dawa ya TB haikuwepo, mgonjwa alikaa kitandani miezi na miezi. Hill akaanza kuchora vitu vilivyokuwa karibu yake, akaona akili inatulia. Baadaye akawafundisha wagonjwa wenzake, wakiwemo wanajeshi waliojeruhiwa vitani. Mwaka 1942 akaupa utaratibu huo jina: tiba ya sanaa.

Inafanyikaje? Unakaa na mtaalamu, mezani kuna karatasi, rangi, labda udongo wa kufinyanga. Unatengeneza chochote, halafu mnazungumza kuhusu ulichotengeneza. Hapo ndipo penye kazi. Kuna mambo mdomo hauyawezi, hasa kwa mtoto aliyeona ukatili au mtu mzima aliyefiwa. Likishakuwa kwenye karatasi, jambo linakuwa nje ya kichwa. Mnaweza kulitazama wote wawili, na ni rahisi kusema "huyu hapa pembeni anaogopa" kuliko kusema "naogopa".

Mtaalamu hapigi ramli. Zile video za mtandaoni zinazodai ukipenda rangi nyeusi basi una sonona, achana nazo. Anayejua maana ya mchoro ni aliyeuchora, mtaalamu kazi yake ni kuuliza na kusikiliza.

Ushahidi je? Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika picha. Walipima kwenye mate yao kotisoli, homoni inayohusishwa na msongo wa mawazo, kabla na baada. Kwa asilimia 75 hivi ya washiriki ilishuka, na waliowahi kufanya sanaa hawakuwazidi wale ambao hawajawahi. Lakini utafiti ulikuwa mdogo, haukuwa na kundi la kulinganisha, na si kwa kila mtu homoni ilishuka. Mwaka 2019 ripoti ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyopitia tafiti zaidi ya 3,000 ilisema sanaa ina mchango katika kuzuia maradhi na kusaidia matibabu.

Kusaidia, siyo kuchukua nafasi. Kama unatumia dawa za sonona, usiziache kwa sababu umenunua kalamu za rangi. Na ukipata mawazo ya kujidhuru, mwambie mtu unayemwamini na uende hospitali leo leo.

Kuchora nyumbani ukiwa umechoka ni kitu kizuri, ila hiyo ni burudani, bado siyo tiba. Tofauti ni mtaalamu. Mchoro unaweza kufukua kumbukumbu nzito ghafla, na lazima awepo mtu anayejua la kufanya ukianza kutetemeka au kulia. Nchini Uingereza huwezi kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa bila kusajiliwa kisheria.

Kwa hiyo kabla ya kulipia, muulize amesomea wapi. Muulize pia michoro yako ataiweka wapi: inapaswa kutunzwa kwa siri kama faili la mgonjwa, isiishie kwenye kurasa zake za Instagram.