Fleti ya Mji Mkongwe: Kinachouzwa na Kisichouzika

KATIKA mitaa ya Shangani, Kiponda, Hurumzi na Malindi, si ajabu siku hizi kumsikia dalali akiinadi fleti iliyokarabatiwa: ghorofa mbili za juu zilizounganishwa kwa ngazi ya ndani, kuta nyeupe, boriti zilizopakwa mafuta, na paa la kupungia upepo wa bahari. Hapana ubaya katika biashara hiyo. Nyumba iliyotengenezwa na kukaliwa ni bora kuliko gofu linalongojea masika. Lakini yafaa mnunuzi, muuzaji na mtumishi wa Serikali waelewe ni kitu gani hasa kinachouzwa.

Kwanza, ardhi haimo katika bei. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ya Zanzibar ilifanywa kuwa mali ya umma, na anachopata mtu ni haki ya kuitumia. Aidha, zimo Mji Mkongwe nyumba za wakfu na nyumba za Serikali. Mpangaji wa nyumba kama hizo hawi mwenyewe kwa sababu tu amekaa humo miaka mingi au ametia fedha yake katika matengenezo. Basi swali la kwanza kwa dalali lisiwe bei, liwe hati.

Pili, ukuta nao una masharti yake. Wazee wetu walijenga kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, na upana wa chumba ukafuata urefu wa boriti za mikoko. Ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu na kuutoa. Ukipigwa lipu ya saruji, unyevu hufungiwa ndani, chokaa hulegea, na vichwa vya boriti vilivyozama ukutani huoza bila ya kuonekana. Sakafu ya zege juu ya boriti kuukuu huongeza uzito ambao kuta hazikukusudiwa kuubeba. Choo kipya cha ghorofani chenye bomba linalovuja humaliza kazi iliyobaki. Huo si ukarabati, ni kuificha maradhi kwa rangi.

Na maradhi hayo hayamdhuru mwenye fleti peke yake. Maji yake huteremka kwa jirani wa chini, ambaye pengine hakuulizwa wala hakupata hata senti katika mauzo. Haki ya jirani tulifundishwa chuoni kabla hatujajua kuandika majina yetu. Katika nyumba ya pamoja haki hiyo ina umbo la ngazi, paa, mfereji wa mvua na ukuta mmoja uliobeba familia nne.

Hatari hii si ya kubuni. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati kazi ya ukarabati inaendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba linalotazamwa na macho ya nchi nzima liliweza kuanguka, itakuwaje nyumba iliyo ndani ya kichochoro?

Sheria hatukuzikosa. Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe ilianzishwa mwaka 1985, ikapata sheria yake mwaka 1994, na mwaka 2000 mji ukaingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO. Mwaka 2010 ilipitishwa sheria inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo. Linalotakiwa ni kuzitekeleza kwa wakati.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Mkaguzi afike kabla ukuta haujafunikwa lipu, si baada ya funguo kukabidhiwa. Uhamisho wa fleti usikubaliwe mpaka muuzaji aonyeshe kibali cha ukarabati na mapatano ya maandishi juu ya nani atatengeneza paa, ngazi na mifereji. Na mnunuzi, kabla ya kulipa, ateremke chini, abishe hodi kwa jirani, na aombe kuonyeshwa dari yake. Akikuta doa la maji, ajue kwamba ukarabati bado haujakwisha.