Kabla Mwimbaji Hajafungua Kinywa

Muulize mpenzi wa taarab asilia wimbo anaoupenda unasema nini. Atakufumbulia mafumbo yake ubeti kwa ubeti. Muulize kanuni, ile ala ya nyuzi, ilikuwa ikifanya nini wakati huo, atasita. Maneno ameyahifadhi, muziki umempita.

Si ajabu. Taarab imesimama juu ya shairi, na anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji mara nyingi ameguswa na ubeti, au ana mtu wake ukumbini anayetaka ausikie vizuri. Lakini jukwaani kuna fidla, udi, nai, kodiani, dumbaki, rika na besi, na wapigaji wake hawakuja kujaza viti.

Asiyesoma noti hana haja ya kuogopa, kwani taarab ina upole wake kwa msikilizaji mgeni. Katika kwaya za kanisani sauti nne huenda kila moja na njia yake. Hapa ala karibu zote hufuata njia ileile ya mwimbaji, kila moja ikiipamba ijuavyo. Fidla huivuta, udi huidonoa, nai huipulizia pumzi. Kwa hiyo anayeweza kuuimba wimbo akiwa bafuni tayari anajua kila ala inaelekea wapi. Kilichobaki ni kuchagua moja na kuiandama mpaka mwisho.

Kanuni inafaa kuanzia. Ina nyuzi sabini na kitu, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti. Mpigaji huilaza mapajani au mezani, huvaa pete zenye vidonoleo kwenye vidole vya shahada, na hudonoa kwa mikono yote miwili. Kushoto kwake kuna safu ya vyuma vidogo. Akiinua au kushusha kimoja, nyuzi hupanda au kushuka kidogo tu, hata kufikia sauti ambazo piano ya kawaida haina, kwa kuwa zinaangukia katikati ya vibao vyake viwili. Hapo ndipo penye ule uchungu mtamu wa taarab ambao wengi huudhani umetoka kwenye maneno.

Anayezidiwa na wingi wa ala arudi kwa mwimbaji wa taarab Siti binti Saad. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, akiwa na kundi dogo. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulichukua kama dakika tatu tu, hivyo hakuna kuzungukazunguka. Katika rekodi hizo sikiliza mwisho wa kila mshororo: Siti akinyamaza, ala humjibu, naye huingia tena. Ukishayazoea majibizano hayo, orkestra kubwa kama Culture Musical Club, iliyoanzishwa 1958, haitakutisha.

Taarab ya kisasa ni jambo jingine. Kinanda cha umeme kimebeba kazi ya ala nyingi, na anayetaka kuzitenganisha kwa masikio atapata tabu.

Somo bora zaidi, hata hivyo, ni bashrafu, kipande cha ala tupu kisicho na mwimbaji, ambacho kwa desturi ndicho hufungua onyesho. Bahati mbaya, huo ndio wakati ambao watu wengi ukumbini bado wanatafuta viti, wanaamkiana na kutazamana mavazi.