Zebaki ya Mwaloni, Kambale wa Sufuriani

Mpenzi wa soka akisikia Namungo huifikiria timu ya Ruangwa. Wachimbaji huyafikiria machimbo ya dhahabu. Huko, kama kwa wachimbaji wadogo wa Nachingwea jirani, mawe husagwa kwenye karasha, unga huoshwa mwaloni, kisha zebaki hutiwa ndani ya karai ili inase chembe za dhahabu. Donge huchomwa, zebaki hupaa na moshi, dhahabu hubaki.

Mchimbaji hudhani zebaki imekwisha, kumbe imehama tu. Iliyopaa hushuka na mvua. Iliyobaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa, husombwa na maji. Kaskazini maji hufuata Mbwemkuru, kusini Lukuledi, hadi Bahari ya Hindi. Njiani, katika matope yasiyo na hewa, bakteria huweza kuigeuza kuwa zebaki-methili, sumu ambayo samaki huipokea upesi na kuitoa polepole.

Wadudu wa matopeni huliwa na samaki wadogo, wadogo huliwa na wakubwa, na kila mlaji hurithi deni la wote aliowala. Perege, mla mwani na mimea, hubeba kidogo. Kambale asiyechagua chakula hubeba zaidi, na kadiri anavyozeeka ndivyo anavyolimbikiza. Sumu hiyo hukaa kwenye mnofu wenyewe: kutoa utumbo hakusaidii, wala kumbanika.

Katika mji wa Minamata, Japani, ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga zebaki baharini. Paka waliyumba kama walevi, kisha watu. Akina mama walioonekana wazima walizaa watoto wenye ubongo ulioharibika. Mkataba wa kudhibiti zebaki, wenye jina la mji huo, ulipitishwa mwaka 2013. Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Dawa inaanzia kwenye karai. Retoti, chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, hunasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya kutumika tena, hivyo mchimbaji hupunguza gharama kabla hata mto haujanufaika. Mwalo nao ukae mbali na maji: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka kingo za mto.

Samaki asiachwe; ni kitoweo chenye protini. Ila palipo na machimbo juu ya mto, mjamzito apikiwe perege. Kambale mkubwa amsubiri hadi ajifungue na amalize kunyonyesha.