Nyasi za Shule Zisinyweshwe Adhuhuri

Kiangazi cha Januari na Februari kinapopamba moto, si ajabu kuwaona wanafunzi wakizinyunyizia maji nyasi za shule jua likiwa utosini. Desturi hii yafaa ikomeshwe, kwani sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke kabla ya kuifikia mizizi. Wakati mwafaka ni alfajiri, hewa ingali baridi na upepo umetulia.

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Lakini kwa nyasi, haba ya kila siku ni hasara. Hulowesha udongo wa juu tu, nayo mizizi husalia papo hapo, jua likaiunguza. Heri kunywesha mara moja kwa juma, maji yazame kiasi cha shubiri.

Hesabu ni nyepesi. Kina cha milimita 25 katika mita moja ya mraba ni lita 25. Uwanja wa mita 20 kwa 20, basi, wahitaji lita 10,000, yaani mitungi 500 ya lita 20. Pasipo mfereji, ni nani atakayeibeba ila mwanafunzi? Hapo nyasi na ziachwe zikauke. Nyasi ya kikuyu, ambayo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, huchipuka tena masika yajapo. Kipindi cha somo kilichopotea hakichipuki.